Hili Ndilo Lile? Mwongozo Kamili wa Kuhakiki Mafaili kwa Cheksamu

Ukikosea tarakimu moja tu kati ya zile 20 za LUKU, mita inakataa. Haipigi simu TANESCO kuuliza, haina laini wala bando. Inakataa palepale ukutani, na wewe unarudi kwenye meseji kuangalia kama ile ilikuwa 1 au 7. Inajuaje? Ndani ya tarakimu zile 20 hamna uniti zako peke yake. Kuna pia namba fupi ya biti 16 (biti ni 0 au 1, chembe ndogo kabisa ya data) iliyokokotolewa kutokana na taarifa zenyewe kabla hazijafungwa kwa siri. Mita ikishafungua, inapiga hesabu ileile upya. Zisipolingana, hakuna umeme.

Namba hiyo ya ulinzi ndiyo cheksamu. Kompyuta yako inaweza kufanya kazi kama hiyo kwa faili lolote: picha, video ya harusi, hesabu za duka, au faili zima la kusimikia mfumo. Faili linapitishwa kwenye kanuni ya hesabu, inatoka namba ya urefu maalumu. Faili likibaki vilevile, namba ni ileile, iwe leo au mwakani, kwenye kompyuta yako au ya jirani. Ikigeuka biti moja tu, inatoka namba nyingine kabisa, wala haifanani na ya kwanza hata kidogo.

Mimi ni fundi kompyuta, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa naziona namba hizi chini ya viungo vya kupakulia programu na kuzipita kama mtu anavyopita tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme. Kilichonibadilisha ni flashi.

Mpiga video wa harusi alikuja dukani asubuhi ya Jumatatu. "Fundi, mafaili yote nayaona, ila yanagoma kufunguka." Alikuwa amenunua flashi ya GB 512 kwa bei ya kutupa, akahamishia kazi yote ya Jumamosi, akaona kompyuta imemaliza kunakili bila kulalamika, akazifuta kadi za kamera maana Jumapili alikuwa na shughuli nyingine. Niliichomeka. Majina yapo, ukubwa upo, tarehe zipo. Video za saluni zinacheza. Za kanisani zinacheza, mpaka karibu na viapo. Kuanzia hapo, kimya. Ndani ya ile flashi kulikuwa na chipu ndogo sana, na kidhibiti chake kilikuwa kimefundishwa kusema uongo: kinaiambia kompyuta "nina GB 512", kinapokea kila kinacholetwa, na chipu ikijaa kinatupa kinachozidi au kinaandika juu ya vya mwanzo. Tuliokoa saluni na nusu ya kanisa. Ukumbi, keki na hotuba ya baba wa bibi harusi vilikwenda.

Kama angekokotoa cheksamu za mafaili kwenye kadi, kisha kwenye flashi, angejua Jumamosi ileile usiku, kadi zikiwa bado mkononi.

Kabla hatujashika kibodi, shika jambo moja ambalo mwongozo huu wote unalizunguka. Cheksamu inajibu swali moja tu: hili ndilo lile? Haisemi kama lile lenyewe lilikuwa zuri, salama, au la kweli. Kwa hiyo kupiga hesabu ni kazi rahisi, kompyuta inafanya. Kazi yako wewe ni kujua namba ya kulinganishia umeipata wapi.

Majina utakayokutana nayo

Utazitambua kwa urefu. Namba hizi huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 pamoja na herufi a hadi f. Ukiona 8, hiyo ni CRC32. Zikiwa 32 ni MD5, 40 ni SHA-1, 64 ni SHA-256, na 128 kwa kawaida ni SHA-512. Herufi kubwa au ndogo hazina tofauti.

CRC32 ni mlinzi wa ajali tu. Ndiyo inayotumika ndani ya mafaili ya zip, na inakamata vizuri biti zilizopinduka njiani, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kulirekebisha faili lake mpaka litoe CRC anayoitaka bila kutokwa jasho.

MD5 ni ya Ronald Rivest, ilichapishwa rasmi mwaka 1992, na ilitawala kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake wa China walionyesha jozi za data tofauti zinazotoa MD5 moja. Watu wengine walisema hayo ni mambo ya maabara. Mwaka 2012 ikagundulika programu ya kijasusi iitwayo Flame, ambayo ilitumia udhaifu huohuo kughushi cheti kilichoonekana kimetoka Microsoft. SHA-1 ilifuata njia hiyo tarehe 23 Februari 2017, pale watafiti wa kituo cha CWI cha Amsterdam na wa Google walipotoa mafaili mawili ya PDF, yaliyomo tofauti, SHA-1 moja.

Tumia SHA-256. Nikikuta mahali wameweka MD5 peke yake, mimi bado naikagua, kwa sababu kwa kukamata upakuaji uliokatika inatosha kabisa. Ila siwezi kuitegemea nikidhani kuna mtu aliyekaa kwa makusudi kunichezea.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya kuiamini mashine, ijaribu kwa kitu chenye jibu linalojulikana. Fungua kidirisha cha amri kwenye Linux, andika:

printf 'abc' | sha256sum

Itatoka:

ba7816bf8f01cfea414140de5dae2223b00361a396177a9cb410ff61f20015ad

Kwenye Mac, badala ya sha256sum weka shasum -a 256. Kwenye Windows, andika abc kwenye Notepad, usibonyeze Enter, hifadhi kwa jina abc.txt, kisha tumia amri nitakazozitaja hapa chini. Namba lazima iwe hiyo.

Sasa badala ya printf weka echo, bila kugusa kingine. Namba itaanza na edeaaff3, kitu kingine kabisa. Hujakosea. Echo huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, alama ambayo jicho halioni, na kwa cheksamu kisichoonekana nacho kinahesabiwa. Watu wengi hukwama hapa wakidhani programu ni mbovu.

Na kuna namba moja ya kuikariri mwanzo wake: e3b0c442. Ukiona SHA-256 inayoanza hivyo, ujue umekagua faili tupu, lenye baiti sifuri. Nimeshaiona mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Kukokotoa kwenye Windows

Huhitaji kusimika chochote. Bonyeza kitufe cha Windows, andika powershell, gonga Enter. Nenda kwenye folda ya vitu ulivyopakua:

cd Downloads

Kisha:

Get-FileHash .\jina-la-faili.iso

Usiandike jina lote kwa mkono. Andika herufi tatu za mwanzo, gonga Tab, litajimalizia. Usipotaja aina, amri hii hutoa SHA-256.

Kwenye kompyuta za zamani ipo nyingine:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Hapa usisahau neno la mwisho. Ukiliacha, certutil inakupa SHA-1, nawe utakesha ukijiuliza kwa nini namba yako ina tarakimu 40 wakati ya kwenye tovuti ina 64. Na kama una 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili ya zip, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, kwenye menyu utaona CRC SHA, chagua SHA-256. Hiyo inawafaa wasiopenda kuandika amri.

Sasa kulinganisha. Usitumie macho. Watu hutazama tarakimu nne za mwanzo na nne za mwisho, wanaridhika. Kwa ajali inatosha, maana ajali haina akili ya kuchagua mwanzo na mwisho. Lakini mtu mbaya anaweza kuligeuzageuza faili lake, akiiachia kompyuta kazi, mpaka apate namba yenye miisho inayofanana na ya kweli. Iachie PowerShell:

(Get-FileHash .\jina-la-faili.iso).Hash -eq "bandika namba ya tovuti hapa"

Jibu ni True au False. Ukipata False, kwanza hakikisha hukubandika na nafasi tupu mwishoni mwa namba.

Mac, Linux na simu

Kwenye Mac fungua Terminal, andika shasum -a 256 na nafasi moja, kisha liburute faili ulidondoshe humo, njia yake itajiandika. Gonga Enter. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili, basi.

Simu ya Android nayo inaweza, ukiwa na Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu. Andika kwanza termux-setup-storage, kubali ruhusa, halafu:

sha256sum ~/storage/downloads/jina-la-faili

Hii huwa naitumia mteja anapoleta faili kwenye simu na hatujui kama ndilo lile lililopo kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Hakuna haja ya kulihamisha ili kulinganisha. Unakokotoa huku, unakokotoa kule, mnasomeana namba.

Ukipakua mfumo mzima: mfano wa Ubuntu

Tuchukue Ubuntu 24.04, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, kwa kuwa ni faili linalokaribia GB 6 na kwa bando zetu hakuna anayetaka kulipakua mara mbili. Kwenye releases.ubuntu.com, ndani ya folda ya toleo hilo, kando ya faili la iso, yaani lile la kusimikia mfumo, utakuta mengine mawili madogo: SHA256SUMS na SHA256SUMS.gpg. Yapakue yote matatu kwenye folda moja. Kwenye Linux, ukiwa ndani ya folda hiyo:

sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing

Hilo neno refu la mwisho linaiambia kompyuta isilalamikie mafaili mengine yaliyomo kwenye orodha ambayo hukuyapakua. Ukiona jina la faili lako likifuatiwa na OK, kilichofika kwako ndicho kilichoorodheshwa. Ukiona FAILED, simama hapo, usikiandike kwenye flashi.

Wengi huishia hapa. Mimi nataka twende hatua moja mbele, na sababu ni kisa cha kweli.

Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo mwingine wa Linux, kupitia WordPress, programu inayoiendesha tovuti. Hawakugusa mafaili halisi. Waligeuza tu kiungo cha kupakulia Linux Mint 17.3 ya Cinnamon kielekee kwenye seva ya Bulgaria, ambako kulikuwa na nakala iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta, uitwao Tsunami. Aliyejitambulisha kuwa mhusika aliwaambia waandishi wa habari kwamba alibadilisha na cheksamu kwenye ukurasa, akaongeza kwa kejeli kwamba ni nani kwanza anayezikagua. Fikiria hapo: mtu mwangalifu anapakua faili bovu, anachukua namba kutoka kwenye tovuti ileile iliyovamiwa, anakagua, inalingana! Anasimika kwa amani.

Linganisha na yaliyoipata HandBrake, programu ya kubadilisha video. Kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017, moja kati ya seva zake za kupakulia ilikuwa inagawa nakala ya Mac yenye programu hasidi iitwayo Proton. Tovuti yenyewe na seva kuu hazikuguswa. Faili lilikuja kwa njia chafu, lakini namba ya kweli ilikuwa bado inapatikana kwa njia safi, na aliyelinganisha angeliona kosa kabla ya kulifungua.

Hapo ndipo pa kushika: faili lije kwa njia hii, namba ije kwa njia ile. Ukiletewa faili na rafiki kwa flashi, namba ichukue kwenye tovuti ya wenyewe. Ukilipakua kutoka seva ya karibu kwa sababu ni ya haraka, namba ichukue kwenye seva kuu. Vyote viwili vikitoka mfuko mmoja, umekagua tu kwamba hakikumwagika njiani, hujakagua aliyekifunga.

Saini ndiyo inayokagua aliyekifunga. Lile faili la .gpg ni saini ya waandaaji wa Ubuntu juu ya orodha ya cheksamu. Mvamizi anaweza kubadilisha orodha, lakini bila ufunguo wao wa siri hawezi kuisaini. Kwa programu iitwayo gpg, pata kwanza ufunguo wao wa umma, ule wa kukagulia saini:

gpg --keyserver hkp://keyserver.ubuntu.com --recv-keys 0xD94AA3F0EFE21092

Kisha:

gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS

Unatafuta maneno Good signature. Chini yake gpg itakuonya kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini. Onyo hilo huwatisha watu, lakini maana yake ni ndogo: wewe hujawahi kuiambia gpg kwamba unamjua mwenye ufunguo. Kinachotakiwa ni kulinganisha alama ndefu ya ufunguo inayoonyeshwa pale, ambayo inapaswa kuwa 8439 38DF 228D 22F7 B374 2BC0 D94A A3F0 EFE2 1092. Na kwa mantiki ileile, usiniamini mimi. Itafute alama hiyo na kwenye maelezo ya Ubuntu wenyewe, ukiweza kwa mtandao mwingine, uone kama tunasema kitu kimoja.

Ukiona BAD signature, futa vyote vitatu.

Kuhamisha kazi nyingi kwa mara moja

Sasa turudi kwa mpiga video. Faili moja ni rahisi, lakini yeye ana mafaili 300, na hakuna mtu wa kukaa akilinganisha namba 300. Unatengeneza orodha.

Siri ni kwamba orodha inatengenezwa kwenye asili, kabla ya kunakili. Ukinakili kwanza kisha ukakokotoa kwenye nakala, umeandika tu cheksamu za uharibifu wako. Kwenye Linux, ingia kwenye folda ya kazi:

find . -type f -exec sha256sum {} + > ../harusi.sha256

Angalia zile nukta mbili na mkwaju (../): orodha inaandikwa nje ya folda. Ukiiandika ndani, itajihesabu na yenyewe ikiwa bado inaandikwa, na siku ya ukaguzi itakuletea FAILED isiyo na kichwa wala miguu.

Nakili folda na orodha kwenda kwenye flashi au hadidiski. Halafu fanya jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: iondoe flashi kwa utaratibu, ichomoe kabisa, ichomeke tena. Kompyuta hupenda kubakiza kwenye kumbukumbu yake yale iliyotoka kuyaandika. Ukikagua papo hapo, huenda inakusomea yaliyomo kwenye RAM na si yaliyomo kwenye flashi, na ile flashi ya uongo itafaulu mtihani kwa majibu ya mwenzake. Ukishaichomeka upya, ingia kwenye folda iliyoko kwenye flashi, kisha:

sha256sum -c --quiet ../harusi.sha256

Neno --quiet maana yake usiniambie yaliyo sawa. Amri ikimaliza bila kusema kitu, yote ni mazima. Ukimya hapa ni habari njema, tofauti na ule wa flashi ya Jumatatu.

Kwenye Windows, fungua PowerShell ndani ya folda ya asili:

Get-ChildItem -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv ..\asili.csv

Nenda kwenye folda ya nakala ufanye vivyo hivyo, jina liwe nakala.csv. Weka csv zote mbili mahali pamoja, kisha:

Compare-Object (Import-Csv asili.csv) (Import-Csv nakala.csv) -Property Hash -PassThru

Kama hakuna kinachotokea, yamelingana. Yakitofautiana, itakuonyesha faili gani na upande upi.

Kuhusu muda: kinachochelewesha kwa kawaida ni kusoma diski, hesabu yenyewe ni nyepesi. GB 100 kupitia tundu la zamani la USB 2.0 linalosoma kama MB 30 kwa sekunde ni karibu saa nzima. Anzisha, nenda kanywe chai. Usikatishe kwa sababu skrini imetulia.

Na flashi mpya isiyoaminika, ikague kabla hujaiwekea chochote cha maana. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux na Mac kuna f3, yenye amri mbili, f3write na f3read. Zote hujaza flashi yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma tena kuona kilichobaki. Pale dukani sasa sipokei flashi ya kazi ya mteja bila kufanya hivyo, na wapo walionuna kwa sababu flashi mpya ya GB 512 ilitoka mtihani ikiwa ya 32.

Namba zimekataa kulingana, ufanyeje?

Usikimbilie kusema umedukuliwa. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi kosa ni la kawaida kabisa. Anza na la aibu zaidi: je, unalinganisha kitu kimoja? Toleo la 24.04.1 si la 24.04.2. Faili la seva si la kompyuta ya mezani. SHA-1 haitalingana na SHA-256 hata mkae mpaka asubuhi.

Kisha tazama ukubwa kwa baiti. Likiwa dogo kuliko linavyotakiwa, upakuaji ulikatika. Likiwa na KB chache tu, lifungue kwa Notepad. Kuna wakati kilichohifadhiwa kwa jina la programu yako ni ukurasa wa mtandao unaokuambia ujisajili kwenye Wi-Fi au bando limeisha.

Ukubwa ukiwa sawa, kokotoa tena faili lilelile, mara mbili au tatu. Namba ikibadilika kila mara na faili hujaligusa, tatizo haliko kwenye faili. Ni RAM, waya, au tundu. Badilisha waya na tundu kwanza kwa kuwa ni bure, kisha ipitishe kompyuta kwenye MemTest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Nimewahi kutoa RAM moja iliyokuwa inaharibu biti moja moja, na mwenye kompyuta alikuwa ameshasimika Windows mara nne akidhani ni virusi.

Namba ikiwa ileile kila mara lakini si ya tovuti, faili limeharibika kweli, na GB 6 zinaonekana kupotea. Subiri, usilifute. Ubuntu na mifumo mingine mingi ya Linux hutolewa pia kwa torenti, njia ya kupakua faili kwa vipande. Faili la torenti limebeba cheksamu za vipande vidogovidogo. Pakua torenti rasmi ya toleo lilelile, ifungue kwenye qBittorrent, programu ya kupakulia torenti, ielekeze kwenye folda yenye lile faili bovu, jina likiwa sawasawa, kisha iamuru ikague upya. Itapima kipande kimoja kimoja, itabakiza vizima, itapakua vibovu tu. Nimeshawahi kulikamilisha faili la GB kadhaa kwa kupakua MB chache. Hakuna ujanja wa cheksamu ninaoupenda kama huu.

Kwa mafaili ya watu, picha na nyaraka, muulize aliyetuma alitumia njia gani. WhatsApp hubana picha na video zinapotumwa kawaida, kwa hiyo kinachofika ni faili jingine, dogo, lenye cheksamu yake. Likitumwa kama hati, linafika lilivyo. Faili la Word likifunguliwa na kuhifadhiwa tena, hata kama hukuongeza neno, namba inaweza kubadilika. Kubadilisha jina au kulihamisha folda hakubadilishi kitu.

Haya yote yakishindikana kueleza, hapo sasa ndipo pa kushuku. Chukua ile cheksamu yenyewe, itafute kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua mafaili kama yana virusi. Huhitaji kupandisha faili. Kama wengine walishalipeleka, matokeo yatatokea kwa namba peke yake. Namba isipojulikana pale, hiyo haimaanishi faili ni salama, inamaanisha tu hakuna aliyewahi kulipeleka.

Orodha yenyewe nani anailinda?

Orodha ya cheksamu ikikaa kwenye flashi ileile yenye kazi, zinaweza kuharibika pamoja, au mtu akazibadilisha pamoja. Kwa hiyo orodha nayo ni faili, nayo ina namba yake:

sha256sum harusi.sha256

Tarakimu 64 zinaenea kwenye SMS moja ya herufi 160 na nafasi inabaki. Mpiga video wangu sasa hafuti kadi mpaka meseji hiyo imemfikia kwenye simu yake ndogo ya batani. Wiki iliyopita alipeleka hadidiski kwa maharusi, akanipigia akiwa sebuleni kwao.

"Fundi, nisomee nane za mwisho."

Nikamsomea. Nikasikia anazirudia polepole, moja moja, na nyuma yake sauti ya mama mmoja inauliza hizo ni namba za nini, kwani umeme umekatika?